Ishia Kabla ya Tui

Wasikilizaji wa Kibiti mjini, Bungu, Jaribu, Mchukwi na Ruaruke, na ninyi mlioko Delta ya Rufiji, kule Salale, Mbuchi, Msala na Kiongoroni, najua saa kama hizi za jioni kwa wengi wenu redio iko dirishani na mkono uko kwenye mwiko. Msiuweke chini, maana mazungumzo ya leo yanauhusu.

Kuna mtindo unaozunguka kwenye simu. Unamwona dada wa mjini, siku ya Jumapili, kavaa aproni safi, anapika vyakula vya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Akimaliza anavigawa kwenye vibakuli vya plastiki vyenye mifuniko, anavipanga kwenye friji kuanzia cha Jumatatu hadi cha Ijumaa, anafunga mlango na kutabasamu. Anasema kaokoa muda, kaokoa fedha, na mtungi wa gesi haujaisha. Simcheki, hesabu yake ni ya kweli. Lakini nimewasikia watu wa kwetu wakiitazama video ile na kusema, aa, hayo ni mambo ya wenye friji. Hapo ndipo nataka tubishane, maana kama kuna watu katika nchi hii waliolazimika kupika leo kwa ajili ya kesho kabla friji haijajulikana, watu wa Rufiji wamo.

Mtu wa Delta anafuata maji kuliko anavyofuata saa ya ukutani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bamvua linasimama: maji yanajaa alfajiri na kupwa kwa kukadiria saa nne za asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita 3. Kesho yake yanachelewa kama dakika 50, keshokutwa vivyo hivyo, hata wiki ikizunguka kupwa kumeshahamia alasiri. Anayefuata kaa kwenye mikoko, anayekwenda kuvua uduvi, anayetaka kufika kwenye shamba la mpunga kabla kijito hakijakauka na mtumbwi kukwama topeni, wote hao wanakwenda na maji. Sasa niambieni, mama wa huko atapika chakula cha mchana saa ngapi? Wiki hii saa sita yuko kwenye tope mpaka magotini. Wiki ijayo saa sita yuko nyumbani, lakini jua likianza kupinda anaondoka, na magharibi inamkuta mkondoni. Huwezi kumwekea ratiba. Anapika maji yakimpa nafasi, na anapika cha kutosha kwa ule muda ambao hatakuwa na nafasi.

Kwa ndugu zetu wa bondeni hali ni hiyo hiyo, sababu ni nyingine. Mwaka 1968 na 1969, katika Operesheni Rufiji, serikali iliwatoa watu kwenye bonde la mafuriko ikawapandisha kwenye vijiji vya juu. Nyumba zikahama, mashamba yakabaki pale pale, kwa sababu mpunga unaupenda ule udongo unaoletwa na mto. Tangu hapo msimu ukifika familia inagawanyika. Watoto wa shule wanabaki kijijini na bibi, wakubwa wanahamia shambani kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, mchana wakifukuza ndege na usiku wakiwakeshea nguruwe. Mafiga yanakuwa mahali pawili na mpishi ni yule yule. Anapika alfajiri, anashuka kupalilia, anarudi jioni kupasha. Hakuna aliyempiga picha kwa kazi hiyo.

Na samaki je? Perege na kambale wa mabwawa ya Rufiji wakipatikana wengi wanapasuliwa, wanawekwa juu ya chanja, moto mdogo chini, moshi mwingi, wanabanikwa mpaka wanakuwa wepesi mkononi. Wa chumvini anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaanikwa, anakuwa ng'onda. Kamba na uduvi wanakwenda juani. Moto umewashwa mara moja kwa samaki wa siku nyingi, na kitakachobaki siku ya kula ni kuloweka na kuunga. Uduvi wenyewe hauhitaji hata hilo: ukishakaangwa kidogo bila mafuta, ukikamuliwa ndimu na kukatiwa kitunguu na pilipili, umeshakuwa kitoweo kwa ugali.

Tuingie jikoni basi. Nina jambo moja tu la kusema leo, na mengine yote ni maelezo yake. Chakula chetu cha Pwani kina sehemu mbili. Ipo sehemu ya kuchemsha, ambayo ni ndefu, ndiyo inayokula kuni na mkaa na kumfunga mtu mlangoni. Na ipo sehemu ya kuunga, ambayo ni ya dakika chache, ndiyo inayotia tui, karanga, kitunguu, nyanya. Inayochosha ni ya kwanza. Inayochacha upesi ni ya pili. Kwa hiyo unayetaka kupumzika kesho, pika kwa wingi ile ya kwanza, halafu ishia kabla ya tui.

Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunapika kisamvu kingi, tunakimwagia tui sufuria nzima, tunakula, tunabakiza nusu, na asubuhi tukifunua kuna povu juu na harufu inatupokea kabla mfuniko haujatoka mkononi. Tunalaumu joto. Joto lipo, hasa kwetu hapa, lakini tui ndilo mwenyeji wake. Nazi mbichi iliyokunwa na kukamuliwa haina subira. Wazee waliosafiri kwenda kusini kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wakapanga foleni kungoja kivuko cha Ndundu, wanajua nani alikula njiani na nani alimwaga: aliyefunga mkate na samaki wa kukaanga alikula, aliyefunga wali wa nazi alimwaga.

Nikitaja kisamvu, niacheni nikae hapo kidogo, maana ndicho kinachoonyesha jambo hili waziwazi. Majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi. Kutwanga kwenye kinu kunaifungua, na moto unaipeperusha. Ndiyo maana sufuria ya kisamvu kilichotwangwa isifunikwe mwanzoni, iache itoe mvuke wake wote, na usiwe na haraka nayo. Unachemsha na maji ya kutosha, saa nzima, saa moja na nusu, mpaka lile jani lililokuwa linakwaruza ulimi linakuwa laini na rangi ya kijani kibichi inageuka kuwa nzito, karibu na kijani cha ganda la embe bichi. Weka chumvi, basi. Hapo kisamvu kiko chukuchuku. Hakina kitunguu wala nyanya wala tone la mafuta. Mtoto akionja atakunja uso, na ni vizuri akikunja, kwa sababu hatakirudia ukigeuza mgongo.

Sasa gawa. Cha leo kitoe kwenye sufuria ndogo, kuna nazi yako, kamua tui la kwanza uliweke kando, tia tui jepesi kwanza kichemke nalo, halafu lile zito mwishoni huku unakoroga kwa mkono wa taratibu lisije likakatika. Dakika kumi na tano mnakula. Kilichobaki chukuchuku hakiguswi na mwiko uliokwisha kuguswa na tui. Hili narudia kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu: mwiko mmoja unaingia huku, unaingia kule, na kesho mtu anasema ushauri wa redioni haufai. Kabla ya kulala unakirudisha motoni mpaka kinatokota katikati, siyo pembeni tu, unafunika kikiwa bado kinatokota na hufunui tena mpaka asubuhi. Asubuhi unakitokotesha tena. Mchana wa kesho unakiunga kwa karanga zilizosagwa, jioni unatupia kamba wakavu, na watu wa nyumbani watakula mboga tatu wakidhani umepika mara tatu.

Lakini tuwe wakweli kuhusu mipaka. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2; kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 au kiwe kwenye ubaridi chini ya nyuzi 5, na kikipashwa kifike nyuzi 70. Maneno hayo yameandikwa kwa ajili ya dunia yenye friji, na joto letu la Februari haliwezi kubishana nayo. Kwa hiyo asiye na friji apike cha leo na kesho, asivuke hapo, na kile cha kesho akitokoteshe kila asubuhi na jioni kama nilivyosema. Mwenye friji anaweza kwenda siku tatu au nne. Mtoto mchanga, mgonjwa na mjamzito wapewe kile kilichopikwa saa hiyo, hata kama ni uji.

Maharage nayo yana njia yake. Loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, bandika, na yakianza kuchemka yaache yachemke kwa nguvu, dakika 10 au zaidi, usiyaonee huruma. Maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yanatapisha watu, na moto wa taratibu peke yake hautoshi kuondoa kile kinachotapisha. Baada ya hapo yapikike nusu saa nyingine, halafu yatoe motoni na sufuria yake, mfuniko ukiwa umekaza, uiweke ndani ya kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya mgomba au matambara, juu yake ukandamize mto wa sufi. Nani asiye na mto wa zamani wa sufi nyumbani kwake? Yaache humo saa tatu au nne. Joto lile lile uliloligharamia linaendelea kuyapika huku mkaa wako umeuzima kwa ajili ya jioni. Ukiyatoa, yachemshe tena kabla ya kuyaunga. Kunde na choroko hazihitaji safari ndefu hivyo, na mbaazi kavu ziko katikati.

Rojo la nyanya pia linapikika kwa wingi wakati nyanya ni za kumwaga sokoni. Kaanga vitunguu na nyanya mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge. Hilo ni la kutumia leo na kesho, na kwa mwenye friji ni la siku kadhaa.

Sasa wali. Hapa najua nitawaudhi watu na simu zitalia. Wali upike kila siku, kwa kipimo. Kwanza hauna faida kubwa ya kuuwekea akiba, maana ni kazi ya nusu saa. Pili, kwenye mchele kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Sufuria ikikaa vuguvugu usiku kucha mbegu hizo zinaamka, zinaongezeka na kutoa sumu, na sumu ikishatoka kupasha hakuiondoi. Wala si lazima unuke. Unaweza ukawa mweupe, umechambuka, unapendeza, na saa mbili baadaye mtu anatapika mkamzushia jirani.

Na kiporo? Jamani, mimi nimekua kwa kiporo na chai ya rangi, na sitasimama hapa kukitukana. Nasema tu kiporo cha wali nakila kwenye nyumba yenye friji, ambako wali uliobaki ulitandazwa kwenye sinia ukapoa upesi ukaingia ubaridini usiku ule ule, na asubuhi ukakaangwa mpaka ukawa wa moto kweli. Wali wa nazi uliolala ndani ya sufuria yake, umefunikwa kwa kawa na Bismillahi, huo naupita. Kiporo cha maharage au cha muhogo uliochemshwa chukuchuku, tukakitokotesha, hicho nikaribisheni.

Kila mwaka, kwa mwezi mzima, Waislamu wa huku wanaishi kwa utaratibu ninaousema bila kuuita jina. Ramadhani, aliyetoka shambani saa kumi hana ubavu wa kuanzia mwanzo. Mihogo imeshamenywa, kunde zimeshachemka tangu mchana, nazi inakunwa jua likiwa karibu kutua, na kitu cha daku kinawekwa kando kabla futari haijaungwa. Mwezi wa mfungo mosi ukiandama tunasahau yote, tunarudi kuwasha moto mara tatu kwa siku.

Nije kwenye fedha, na hapa sitakuwa mpole. Maskini ananunua kila kitu kwa bei ya juu kwa sababu ananunua kidogo kidogo. Mkaa wa kopo, mafuta ya kupimiwa kwenye kimfuko, vitunguu vya fungu, sukari ya kibaba. Ukijumlisha makopo mpaka yajaze gunia utaona umelipa zaidi ya aliyenunua gunia. Kupika kwa wingi kunataka kununua kwa wingi, na kununua kwa wingi kunataka fedha iliyotangulia. Hiyo fedha iko wapi? Nyumba nyingi za huku pesa ya matumizi inaachwa asubuhi, ya siku hiyo tu, na nyingine inaachwa baada ya kuulizwa mara mbili. Mama aliyepewa ya leo hawezi kununua maharage ya kilo tano hata akiwa na akili ya mhasibu. Atanunua ya leo.

Nawajua wanawake waliotoka kwenye mtego huo, na mlango wao ulikuwa upatu au kikoba: zamu ikimfikia mtu ananunua sufuria kubwa yenye kitako kizito, gunia la mkaa na debe la maharage, na kuanzia hapo pumzi inarudi. Wakulima wa korosho na ufuta wanaweza kufanya hivyo kwa njia fupi zaidi, kwa sababu fedha yao inakuja kwa mkupuo baada ya mnada. Msimu ukilipa, kabla ya pikipiki, toeni ya jikoni ya mwezi mzima, mmkabidhi mpishi aipange mwenyewe.

Mkaa wenyewe tunauona ukipita. Malori ya barabara ya Kilwa yamebeba misitu ya Kibiti na Rufiji kwenda Dar es Salaam miaka nenda rudi, na sisi tuliobaki na visiki tunanunua kwa kopo. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Juu yetu kwenye mto huu huu wa Rufiji kuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Maji yakishazungusha mitambo hiyo yanateremka mpaka kwetu, yanapita kando ya nyumba ambazo bado zinapika kwa kuni za mikoko. Lisemeni hilo kwenye mikutano ya vijiji, mimi nimelisema. Kwa ambao umeme umeshawafikia, jiko la umeme la presha linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipia uniti kwa bei nafuu. Tatizo ni bei ya jiko lenyewe, ambayo inaturudisha kwenye upatu.

Limebaki jambo moja dogo ambalo wataalamu hawaliandiki. Sufuria kubwa inaita watu. Ukichemsha maharage ya siku mbili, harufu inavuka ua, na mgeni aliyekuja kuazima jembe anakumbuka hajala. Kumnyima huwezi, si kwa desturi ya huku. Watoto nao wana adabu mbele yako tu. Ndiyo maana nikasema kiachwe chukuchuku: maharage yasiyoungwa hayamvutii mtu wa kudokoa, na mgeni mnyamazishe kwa ile sufuria ndogo uliyokwisha kuiunga. Ya kesho iwe chumbani kwa bibi, maana bibi hapokei rushwa.

Taarifa ya habari inakaribia, nawaachia nafasi. Tukirudi nitafungua simu, na nitaanza na akina baba. Ukipiga, kabla hujasema lolote kuhusu wali wangu, tuambie kwanza asubuhi ya leo uliacha shilingi ngapi ya matumizi, na ilikuwa ya watu wangapi.